Mtoto wa Foleni

Basi lilikuwa limezuiwa Mombo, pale abiria wanapozongwa na wauza mahindi na matunda kabla gari halijasimama sawasawa. Inspekta Hosiana Mhina alipanda akiwa amekwisha kuomba dua zote alizofundishwa kanisani, na nyingine chache alizozitunga mwenyewe barabarani. Trafiki walikuwa wamempigia simu asubuhi ile: yupo mwanamke ana mtoto mchanga, hana mzigo hata mmoja, na ukimuuliza anakotoka anageukia dirishani.

Mwanamke huyo alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Mtoto alikuwa amefunikwa gubigubi kifuani kwake.

"Mtoto wako?"

"Wa nani tena?"

"Mfunue nimwone."

Mwanamke alisita, kisha akafunua. Mwanga ulimpiga mtoto usoni, akakunja uso na kuanza kupiga kelele. Alikuwa wa kike. Hosiana aliangalia mara ya pili, kwa upumbavu tu, maana jinsia ya mtoto haibadiliki kwa kuwa askari ametoka mbali. Kisha akamfunika miguu mwenyewe.

"Unamkimbia nani, mdogo wangu?"

"Baba yake. Mkinirudisha ataniua."

Hapo palikuwa na kesi nyingine nzima, na Hosiana hakuwa na mikono ya kuibebea. Alimpa namba yake ya simu, akamwambia kondakta amshushe huyu mama anakotaka mwenyewe, akashuka. Basi likaondoka kuelekea njia ya Lushoto, na lile tumaini la asubuhi likaondoka nalo.

Konstebo Matayo alikuwa amewasha gari tayari. "Sasa, afande?"

"Sasa turudi Kwedigoma. Jana tulianza kwa kukimbia. Leo tuanze kwa kuuliza."

Kweli walikimbia. Jana ilikuwa siku ya uchaguzi mdogo wa diwani katika kata ya Mazingara. Katika kituo cha kupigia kura cha kijiji cha Kwedigoma, kwenye shule ya msingi, mtoto wa kiume wa miezi mitatu aitwaye Muhidini alipotea. Shangazi yake, Hafsa, alisema alimlaza kwenye benchi la barazani ili atafute kadi yake ya mpiga kura. Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Kisha akanyoosha kidole kwa mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa akiondoka na kifurushi mbele yake. Watu waliacha foleni, wakamfukuza, wakampata. Anaitwa Sadala. Kifurushi kilikuwa maboga. Sasa yuko wodini Handeni, na daktari amesema jicho la kulia lisihesabiwe.

Nani mwingine aliona? Hakuna. Foleni imejaa mpaka getini, mtoto anachukuliwa mchana kweupe, na hakuna aliyeona kitu. Hosiana ameishi na watu wa Handeni na Korogwe maisha yake yote. Anajua kuwa hapa huwezi kununua hata kiberiti bila mtu kukuona. Watu wa kijiji kizima wakiwa vipofu kwa siku moja, kuna jambo wameliona wote.

*

Munira, mama wa mtoto, alikuwa mlangoni kabla gari halijazima. Ni binti wa Masuguru, mjini Korogwe, ameolewa Kwedigoma mwaka jana tu, na mume wake Hussein yuko Dar es Salaam kwenye kibarua cha ujenzi. Wamempigia simu, yuko njiani. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Mkononi alishika kikombe cha plastiki chenye maziwa yake aliyokamua.

"Wamempata Mombo?"

"Hapana, mdogo wangu. Alikuwa mtoto mwingine."

Munira aliangalia kikombe. "Nakamua ili yasikauke," alisema. "Akirudi atakuwa na njaa. Ana njaa sana yule."

Hosiana alikuwa anatazama vidole vilivyoshika kile kikombe. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa safi mpaka kwenye ukucha. Wino ule wa uchaguzi hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Wanawake wa Kwedigoma nzima walikuwa nao leo, hata wale waliokuwa wakipeta mahindi uani.

"Jana uliniambia ulimwacha mtoto kwa wifi yako ukaingia kupiga kura."

"Ndiyo."

"Nipe mkono."

Munira alificha mkono nyuma, kama mtoto mwenyewe. Kisha machozi yakamtoka. "Mimi nimejiandikisha Masuguru, dada. Huku sina haki ya kupiga."

"Ulifuata nini kituoni?"

"Mama mkwe alisema nimlete mtoto."

"Wa nini?"

Munira aligeukia ndani ya nyumba. Kulikuwa na kikohozi cha mtu mzima mle. "Kawaulize wao," alinong'ona. "Mimi nimekatazwa. Wanasema nikisema, watu watafungwa."

*

Mwalimu Dominiko, aliyekuwa msimamizi wa kituo, alikuwa akirudisha madawati darasani. Ni mtu mcheshi, wale wanaopendwa kwenye harusi na kwenye vikao vya wazazi. Leo ucheshi ulikuwa umemshuka kidogo, ila haujaisha.

"Mwalimu, kina mama wenye watoto wachanga walipita mbele?"

"Ndivyo tulivyoelekezwa, afande. Wazee, wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha. Na jana boksi lilichelewa kufika, foleni ikawa ndefu, jua unalijua la mwezi huu. Watu wana mashamba ya kuandaa."

"Huyu Muhidini ulimwona?"

"Nilimwona." Akasita. "Mara mbili."

"Na mama yake hakupiga kura hapa. Nani alimleta?"

Mwalimu alikaa juu ya dawati. "Afande, hili usiliandike. Kila uchaguzi liko. Mtoto mmoja anaweza kuvusha ukoo mzima. Mama anaingia naye, anapiga kura, anatoka, anampa mwingine getini. Sisi tunajua, wao wanajua kwamba tunajua. Nitamwambia nini mama wa watu, nipe cheti cha kuzaliwa?"

"Kwa hiyo ulinyamaza."

"Nilitania tu. Bi Chausiku aliingia naye kwanza, shangazi wa Hussein. Akafuata Mama Ramadhan na mtoto yule yule, kavaa kofia ile ile ya njano. Nikamwambia, 'Huyu bwana mdogo leo amepiga kura mara ngapi? Nikimwona tena nampaka wino na yeye.' Foleni nzima ikacheka. Hata mawakala walicheka."

"Baada ya hapo?"

"Sikumwona tena."

"Hakuna mwanamke mwingine aliyekuja na mtoto?"

"Walikuja wawili. Mmoja bi harusi wa ng'ambo ya kijito. Na Hafsa. Lakini watoto wao sikuwaona sura. Walikuwa wamefunikwa..."

Mwalimu Dominiko aliacha sentensi hewani. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda, kwa sababu halikuwa limeambiwa habari. Kisha nalo likaondoka.

Hosiana alifunga daftari lake bila kuandika neno. "Hafsa alisema alimlaza mtoto kabla ya kupata kadi. Hakusema kama aliingia naye."

"Aliingia naye, afande. Nilimpaka wino mwenyewe."

*

Mama Ramadhan alikana, akaapa, akakana tena, mpaka Hosiana alipomwambia kuwa hakuja kumfunga mtu kwa ajili ya foleni. Hapo alisema yote kwa pumzi moja.

"Alikuwa analia?"

"Analia? Alipiga kelele mpaka karani akanisukuma niwahi! Yule mtoto hataki mkono usio wa mama yake. Nilipotoka nikamrudishia bibi yake pale getini, nikamwambia mwalimu ameshamtambua."

"Bibi akasema nini?"

"Akavua khanga yake ya mabegani. Akasema, basi tumfunike."

Bi harusi wa ng'ambo ya kijito alikuwa binti mdogo wa miaka kama kumi na tisa. Yeye hakukana. Inaonekana alikuwa akingoja mtu aje kumuuliza.

"Alikuwa mtulivu, mama. Hakulia kabisa. Mtoto mzuri yule."

"Alikuwa amefunikwaje?"

"Gubigubi, khanga mbili, na amefungwa kwa kukazwa. Mwanzoni alitapatapa kidogo, miguu. Nikamtikisa hivi, nikamwimbia." Alionyesha kwa mikono mitupu jinsi alivyomtikisa. "Foleni ya kina mama nayo ilikuwa imesimama, kulikuwa na mzee aliyesahau miwani. Baadaye akalala. Akawa mzito. Mtoto akilala si huwa anakuwa mzito?"

Matayo, ambaye mke wake amejifungua juzi juzi, aliondoka akaenda kusimama kwenye gari.

"Hukumfunua?"

"Bibi alinikataza. Alisema mwalimu atamjua." Binti alimkazia macho Hosiana. "Amepatikana?"

"Bado," alisema Hosiana. Lilikuwa jibu la kiaskari na alilichukia.

Alipofika garini, Matayo alikuwa akitazama usukani. "Kwa hiyo hakuibwa, afande."

"Hatujui. Inawezekana alizimia. Inawezekana kuna mtu alimkimbiza zahanati, akaogopa kusema."

"Zahanati tulipita jana."

"Najua tulipita jana, Matayo. Endesha gari."

*

Walipomkuta tena, Munira alikuwa ameketi kitandani chumba cha nje, ameinamisha kichwa. Kikombe kilikuwa kimepinduliwa dirishani, kikavu. Kifua chake kilikuwa kimezungushiwa khanga, imekazwa na kufungwa fundo ubavuni, kiasi kwamba hata kuhema alihema juu juu.

Hosiana amezaa watatu na amezika mmoja. Lile fundo alilijua. Alifungwa hivyo hivyo na mama yake mzazi, na sababu yake hakuna mwanamke anayehitaji kuelezwa.

"Nani kakufunga?"

"Mama mkwe. Ametoka sasa hivi. Amesema maziwa yakijaa bila kunyonywa nitaugua homa."

"Na ulimwambia unakamua?"

"Nilimwambia. Akamwaga. Akasema, mwanangu, acha." Munira aliinua uso. Alikuwa amechoka mno asiweze kufikiri, na Hosiana alimshukuru Mungu kwa uchovu ule, ijapokuwa alijua hautadumu. "Dada, akirudi atanyonya nini?"

"Kaa hapa. Usitoke mpaka nikuite."

Bibi Mashavu, mama yake Hussein, alikuwa chumbani kwake, juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Ni mjane, marehemu mume wake aliitwa Muhidini, na mjukuu alipewa jina lake. Hafsa, binti yake, aliketi karibu na mlango akichambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hosiana aliketi chini. Chumba kilikuwa na harufu ya kitanda cha kamba, mafuta ya taa, na kitu kingine kikali kilichompeleka moja kwa moja kwenye misiba yote aliyowahi kuhudhuria kwa majirani zake Waislamu tangu utotoni. Karafuu maiti.

"Bibi, hapa kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Umemfunga mkamwana wako maziwa. Mtoto akiibwa, mama yake anakamua usiku na mchana ili akirudi akute. Wewe umeyafunga. Umejuaje kuwa harudi?"

Tasbihi ilisimama. Hafsa alisema upesi, "Mama anaogopa homa tu, afande, ndiyo maana..."

"Hafsa, nitafika kwako." Hosiana hakupaza sauti. "Bibi, watu wazima wa huku wengi wana sanda zao, zimehifadhiwa. Jirani yetu kule Masuguru, Mungu amrehemu, alikuwa nayo sandukuni miaka mingi, anaianika kila mfungo ukikaribia. Wewe unayo?"

"Kila mtu ana safari yake."

"Naomba niione."

Nje kuku waligombana, wakaacha. Mwisho bibi mwenyewe, bila kusaidiwa, alivuta sanduku la bati chini ya kitanda na kulifungua. Bafta nyeupe ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri, na ile harufu ikajaa chumba. Hosiana aliikunjua. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe, wima, kwa mkono wa mtu anayejua kukata sanda. Kipande kilichotolewa kilikuwa kidogo sana.

Hosiana aliishika ile bafta akashindwa kuirudisha. Alikuwa na maswali yaliyopangwa, na yote yalikuwa yameshajibiwa.

"Nimemkatia kwenye yangu," alisema Bibi Mashavu. "Nisingemzika kwenye khanga kama paka. Nimemwosha, nimemvisha, nimemsalia kadiri ninavyojua. Yuko ubavuni mwa babu yake. Muhidini kwa Muhidini."

"Lini?"

"Jana. Wakati watu wote wako barabarani na yule kijana."

Hafsa alikuwa ameshaanza kulia. "Nilitoka kupiga kura, nikasema nimfunue apate hewa. Nikaona midomo. Nikamwita mama. Mama akamchukua chini ya khanga, akaniambia nyamaza kwanza. Munira akaja, akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema hayupo. Afande, nilisema hayupo tu! Sikusema kaibiwa. Mtu nyuma yangu akasema kaibiwa, nami nikaitikia. Wakaniuliza nani, nikanyoosha kidole barabarani. Sikujua nanyoosha kwa nani."

"Anaitwa Sadala," alisema Hosiana. "Jicho limeshatoka."

Hafsa alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na kidole kile cheusi kikabaki juu ya paji lake.

"Hakuna aliyemuua," alisema bibi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejadiliana, ila hakuwa akijadiliana na mtu yeyote mle chumbani. "Nilimfunika asijulikane. Mwalimu alitucheka. Tulikuwa tunavushana tu, kama siku zote. Mimi ndiye niliyempokea anazaliwa. Kwa mikono hii. Unadhani ningemfunika nikijua?"

"Sidhani, bibi."

"Basi nifunge mimi. Huyu mwache, bado kijana."

"Nitawachukua wote wawili. Na nitaomba kibali cha mahakama, tumfukue, daktari amwangalie."

"Umtoe tena?"

"Ndiyo, bibi. Nimtoe tena." Alitamani pangekuwa na njia nyingine, na hakuiona.

Mlango wa chumba haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia tu. Pazia lilisogea. Munira alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyehitaji kumuuliza yuko hapo tangu lini. Hakupiga yowe. Aliangalia bafta mapajani mwa Hosiana, akaufuata ule ukingo uliokatwa kwa macho, polepole, mpaka mwisho wake.

Hosiana alinyanyuka kumshika. Munira aliuondoa mkono wa Hosiana taratibu, kwa adabu.

"Mimi nilikuwa nimekaa kule nyuma ya darasa," alisema. "Kwenye kivuli. Mama aliniambia nisionekane, maana mimi si mpiga kura. Nilimsikia analia. Nikasimama nimfuate. Mama akanipungia mkono, kaa, atanyamaza."

Bibi Mashavu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

Munira alianza kulifungua lile fundo la ubavuni. Fundo lilikuwa limekazwa na mtu anayejua kukaza, hivyo ilimchukua muda. Khanga ilipoachia, maziwa yalitoka yenyewe, yakashuka tumboni, yakadondoka sakafuni.

"Na kweli akanyamaza," alisema. "Nikasema alhamdulillahi. Nikakaa."